Sanduku Moja, Watu Wawili

Mwezi huu naomba tuzungumze kuhusu kufungasha mizigo. Ndiyo, kufungasha! Usifunue ukurasa kwanza. Nimegundua kwamba ukitaka kumjua mwenzako vizuri, huna haja ya kusubiri akasirike au aishiwe hela. Panga naye sanduku moja la safari ya siku kumi kwenda nchi ya joto, utaona mambo.

Mimi na mume wangu tulikwenda Thailand Agosti 2025. Siku nne tulikaa Bangkok, sita tukamalizia kisiwani Koh Samui. Ni miaka minne ya ndoa, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu ya kwanza ya wawili tu tangu fungate, ambayo nayo ilikuwa siku mbili za baridi kali kule Lushoto. Tulijibana miezi kumi na nne. Yeye alikuwa anaweka pembeni posho za safari za kazini, mimi nikaweka gawio langu la kikoba. Kwa hiyo mnaelewa, hatukuwa na nafasi ya kuharibu.

Tangu turudi, mashosti zangu wananiuliza swali moja tu: "Mlibeba nini?" Haya, kaeni mkao wa kusoma.

Joto la nyumbani si joto la safarini

Najua wapo wanaosema, "Joto? Sisi wa Dar na Tanga utatufundisha nini?" Shosti, hata mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia kwenye joto hilo. Lakini fikiria kidogo. Ukiwa nyumbani una kabati zima la nguo na bafu hatua kumi kutoka kitandani. Unaoga mara tatu kwa siku, unajifunga kanga, unakaa barazani kusubiri upepo. Ukiwa mgeni unatoka hotelini saa mbili asubuhi, unarudi saa mbili usiku, na katikati hapo huna pa kubadilishia hata sidiria.

Halafu kuna jambo la unyevu. Jasho kutoka tu halikupozi. Linakupoza pale linapokauka na kuondoka na joto la mwili. Hewa ikiwa imeshiba maji tayari, jasho halina pa kwenda. Linakaa mgongoni, linalowanisha nguo, na wewe unazidi kuchemka. Ndiyo maana nyuzi 33 za Bangkok zinakutesa kuliko nyuzi hizo hizo za Dodoma, ambako hewa ni kavu.

Sasa mume wangu yeye ni mtu wa Makete. Kama hupajui Makete, ni kule Njombe ambako asubuhi za kipupwe unaweza kukuta barafu juu ya majani. Tunaishi Arusha, mji wa masweta. Huyu bwana alipoanza kupanga nguo zake kitandani, la kwanza kuweka lilikuwa jinzi. La pili, jinzi. La tatu, jaketi la ngozi!

"Mume wangu, hilo jaketi la nani?"

"La kwenye ndege. Ndege zina baridi."

Nikanyamaza. Kuna vita unapigana na kuna vita unaiachia sanduku lenyewe. Ndege ndogo ya kwenda kisiwani ilikuwa inaturuhusu kilo 20 kila mmoja, nasi tulikuwa tumekubaliana kubeba sanduku moja tu kwa sababu hakuna aliyetaka kuburuta mizigo miwili kwenye jua. Tukalipima kwenye mzani wa bafuni. Jaketi lenyewe likaonekana uzito wake, akalirudisha kabatini bila mimi kufungua mdomo.

Nguo: chache, nyepesi, za kukauka haraka

Siri ya kwanza ni hii: usifungashe nguo za siku kumi. Fungasha za siku tano, ufue. Thailand kuna maduka ya kufulia kila mtaa, wanapima nguo kwa kilo, na mengine yana mashine za kutumbukiza sarafu. Unaacha asubuhi, unachukua jioni zimekunjwa.

Siri ya pili ni kitambaa. Kitani ndicho mfalme, hata kikikunjamana. Pamba nyepesi ni nzuri, ila pamba nzito kama ya tisheti za matangazo inashika jasho na haikauki. Jinzi ndiyo usiseme; ukiifua kwenye hewa yenye unyevu inaweza kukaa siku mbili bado inanuka ubichi. Mashati mawili ya kitani ya mume wangu tuliyapata kwenye mitumba ya soko la Kilombero, fundi akayapunguza mikono. Yakamtoa kweli kweli.

Mimi nilibeba madera mawili, gauni moja la jioni, suruali mbili pana, blauzi nne, na kanga doti moja. Jamani kanga! Usisafiri bila kanga. Ni taulo ya ufukweni, ni shuka ya kwenye ndege, na ni mtandio. Hiyo ya mtandio ni muhimu, maana ukienda Jumba la Kifalme na mahekalu ya Bangkok hawakuingizi ukiwa na mabega wazi au kaptula. Baba naye lazima awe na angalau suruali moja ndefu nyepesi. Na kwa kuwa unavua viatu mlangoni mara kumi kwa siku, acha raba za kamba. Beba sendozi za kuchomoa mguu.

Rangi nayo ina mambo. Kijivu ni msaliti, kinaonyesha kila tone la jasho kwapani. Nyeupe, bluu iliyokolea na vitambaa vya maua vinaficha aibu.

Tuje chini kidogo, wakubwa tuko wenyewe. Ukivaa gauni kwenye joto la namna hiyo mapaja yanasuguana mpaka yanachubuka. Beba skintaiti za pamba tatu, au upake Vaseline kabla hujatoka. Chupi ziwe za pamba na ziwe nyingi kuliko siku zako. Ukitoka kuogelea, usikae na nguo mbichi mpaka jioni kwa sababu ya picha. Fangasi wanapenda sana joto na maji. Na wanaume, acheni bukta za nailoni zinazobana. Mwili wa mwanamume umeziweka korodani nje kwa sababu zinafanya kazi vizuri zaidi zikiwa na ubaridi kuliko mwili wenyewe. Hilo la korodani mume wangu alilisikiliza kwa makini sana, na sababu yake nawaambia hapa chini.

Tulipofika kwa daktari

Mtu akitoka Tanzania kwenda Thailand lazima awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha njano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Ukishachanjwa, tangu 2016 cheti kinahesabika kuwa cha maisha. Mimi nilikuwa nacho, mume wangu hakuwa nacho. Tukaenda kliniki pamoja, tukijua ni sindano moja tukale chakula cha mchana.

Daktari akatuuliza maswali ya kawaida. Mnakwenda lini, mna mzio wa dawa gani. Halafu akauliza, "Mnatafuta mtoto?"

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo chumba kilipokuwa kidogo.

Ni kwamba tunatafuta. Tunatafuta mwaka wa tatu sasa. Rafiki zangu wote wa chuo wanaitwa Mama Fulani na Mama Fulani. Mimi bado naitwa kwa jina langu. Vipimo tumefanya, vya kwake na vya kwangu, na majibu ni yale yale: hamna tatizo, endeleeni kujaribu. Na safari hii, ingawa hatukuitamka hivyo, kila mtu kwenye ukoo alikuwa ameshaipa jina. Mama mkwe alipiga simu kutoka Makete kutubariki: "Nendeni mkapumzike wanangu, mrudi na mjukuu wangu." Wifi yangu akacheka, "Wifi, hewa ya bahari haijawahi kumwangusha mtu." Hata mimi, nisiwadanganye, nilishahesabu tarehe zangu kwenye kalenda na zilikuwa zinaangukia Koh Samui.

Daktari akatueleza taratibu kuhusu Zika. Jina hilo ni la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, ambako kirusi kiligunduliwa mwaka 1947. Kinasambazwa na mbu wa aina ya Aedes, wale wenye madoa meupe miguuni, wanaouma mchana. Wapo Thailand, na ndio hao hao wanaosambaza homa ya dengi. Wengi wanaopata Zika hawaonyeshi dalili yoyote. Ila mama mjamzito akiipata, inaweza kumwathiri mtoto tumboni, akazaliwa na kichwa kidogo na ubongo usiokua vizuri. Tena kinaweza kupita kwenye tendo la ndoa, na kwa mwanamume kinaweza kukaa muda mrefu kwenye mbegu.

"Kwa hiyo," akasema, "kama mnakwenda, mjikinge na mbu, mtumie kondomu mkiwa kule, na mkirudi msubiri miezi mitatu kabla ya kujaribu tena. Au mbadilishe safari. Sikatazi, nawapa mjue. Na mama, ungekuwa tayari ni mjamzito ningekushauri usiende kabisa."

Miezi mitatu. Kwa mtu ambaye hasubiri kitu, miezi mitatu si kitu. Kwangu mimi mwenye miaka 34, ambaye kila mwezi nauzika kimyakimya chooni, miezi mitatu ni mingi mno.

Tulirudi nyumbani hatuongei. Tiketi zilishalipwa, hazirudishwi. Nikawaza tubadilishe tu tarehe kichwani, tusimwambie mtu, tufanye kama hatujasikia. Nikamtazama mume wangu naye nikaona anawaza vyake. Usiku ule sanduku lilikuwa limefunguliwa sakafuni, orodha yetu iko juu ya kitanda. Mimi nilikuwa naandika kwa kalamu ya bluu, yeye kwa nyekundu, ili tujue nani kabeba nini. Nikaenda kuoga. Niliporudi amelala, au amejifanya amelala. Chini ya "losheni ya jua" na juu ya "adapta", kwa wino mwekundu, aliandika: kondomu.

Nililia, jamani. Sikulia kwa huzuni peke yake. Kwa miaka mitatu mimi ndiye niliyekuwa nashika kalenda, nashika dawa, nashika miadi ya hospitali, na yeye anafuata. Siku hiyo uamuzi mgumu kaubeba yeye, tena bila hotuba.

Asubuhi nikamuuliza, "Mama tutamwambia nini?"

Akanijibu, "Tutamwambia tumekwenda kupumzika. Si ndivyo alivyosema mwenyewe?"

Na ndivyo tulivyofanya. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, tuliingia kitandani bila tarehe kichwani. Sitawasimulia zaidi ya hapo, mna akili zenu. Ila niseme tu kwamba nilikuwa nimesahau kwamba huyu bwana anachekesha.

Kapu la dawa na vikorokoro

Turudi kwenye sanduku. Hivi ndivyo tulivyobeba, nawe unaweza kunakili:

Dawa ya mbu ya kupaka, yenye DEET asilimia 20 hadi 30. Paka losheni ya jua kwanza, isubiri ikauke, halafu dawa ya mbu juu yake. Losheni ya jua rudia kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Na sisi weusi tunaungua pia, tusidanganyane.

Kondomu, kama zinawahusu. Joto linaziharibu, kwa hiyo usiziache kwenye pochi, mfuko wa suruali au ndani ya gari lililopaki juani. Ziweke chumbani penye ubaridi. Na mafuta yoyote, iwe ya nazi, Vaseline au ya masaji, yanaoza mpira wake. Thailand masaji ya mafuta iko kila kona, kwa hiyo mkirudi chumbani mnang'aa, ogeni kwanza.

ORS paketi sita. Ukitokwa na jasho jingi maji matupu hayatoshi, chumvi nayo inatoka.

Panadol. Mkipata homa kule, kunyweni hiyo na muwahi hospitali. Msikimbilie aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu kama ni dengi zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Dawa zenu za kila siku, kwenye pakiti zake halisi na barua ya daktari. Baadhi ya dawa kali za maumivu na za usingizi zina sheria kali kule. Sigara za umeme msithubutu kabisa, zimepigwa marufuku kuingizwa tangu 2014. Kama mmoja wenu anatumia insulini, ikae kwenye begi la mkononi, isiingie kwenye mzigo wa chini.

Adapta. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi za kwao. Pawabenki nayo ni ya begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini.

Mwavuli mdogo. Agosti Bangkok ni msimu wa mvua. Koti la mvua kwenye joto lile ni sawa na kujipika mwenyewe. Mwavuli unafaa kwa mvua na kwa jua.

Sweta moja jepesi kila mtu. Ndiyo, sweta! Treni na maduka makubwa ya Bangkok yanapigwa kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Hapo mtu wangu wa Makete alinitazama kwa ile jicho ya "nilikwambia", nikamwachia ushindi wake.

Mfuko wa kitambaa wa nguo chafu. Nguo mbichi usizifungie kwenye plastiki siku nzima, zitaota ukungu. Viatu vya ngozi viacheni nyumbani kwa sababu hiyo hiyo.

Chandarua tulikiacha. Malaria ya Thailand iko zaidi kwenye misitu ya mipakani, na vyumba vyetu vilikuwa na nyavu na kiyoyozi. Kazi kubwa ilikuwa mbu wa mchana, na huyo dawa yake ni kupaka na kuvaa mikono mirefu myepesi asubuhi na jioni.

Kanuni zangu za kufungasha wawili

Moja, orodha iwe moja na kila mmoja aandike kwa mkono wake. Mwanamke usimfungashie mumeo kila kitu halafu ulalamike kwamba hajui soksi zake zilipo.

Mbili, changanyeni. Sanduku likienda kusikojulikana, isiwe mmoja ana nguo zote na mwingine amebaki na ile aliyovaa. Kila mmoja awe na nguo ya kubadilisha kwenye begi la mkononi.

Tatu, kila mmoja aruhusiwe kitu kimoja cha kipuuzi bila kuulizwa. Wangu ulikuwa wanja wa rangi tatu. Wake ulikuwa draft, ile ya kucheza na vizibo vya soda. Tuliicheza kila jioni mvua ikinyesha. Alinifunga vibaya sana.

Nne, nendeni kwa daktari pamoja, tena mapema, wiki sita kabla ikiwezekana na kabla hamjalipa tiketi. Mwambieni ukweli kama mnatafuta mtoto, kama una mimba changa, kama kuna dawa unazimeza ambazo mwenzako hajui. Afadhali chumba kiwe kidogo kwa dakika kumi.

Tano, acheni nafasi. Robo ya sanduku iwe tupu. Si kwa ajili ya vitu vya kununua tu. Ukijaza kila kona kabla hujaondoka, kitu kidogo tu kikiongezeka zipu inapasuka. Na ndoa nazo ziko hivyo hivyo, nimeanza kuamini. Sisi tulikuwa tumeijaza yetu kalenda mpaka hakukuwa na pa kuweka kicheko.

Miezi mitatu yetu iliisha mwishoni mwa Novemba. Mama mkwe alipiga simu wiki hiyo kama kawaida yake, akauliza kama kuna habari. Safari hii simu aliipokea mume wangu, akamwambia mwenyewe, kwa lugha yao, polepole. Sikuelewa yote. Lakini tangu siku hiyo mama akinipigia ananiuliza kwanza, "Umeamkaje, mwanangu?" na hilo neno la mwisho kalitulia.

Haya wapenzi, kama mna safari mwaka huu, kateni orodha hii mbandike mlangoni mwa kabati. Na kama mna kanuni zenu za kufungasha, niandikieni, nitazisoma zote. Tukutane mwezi ujao. Mpendane, na mnywe maji mengi!